“Moja moja ndiyo salama”? Hapana jamani

Jumapili, saa 4 usiku. Umeme upo, wenzangu chumbani wamelala, acha niseme.

Najua nimekuwa kimya, majaribio ya katikati ya muhula si mchezo. Leo sina stori za kantini wala picha za mahafali. Leo nina hoja, na natafuta ugomvi wa heshima.

Hapa chuoni kuna sentensi imekuwa kama sala. Ukiuliza kwa nini maabara ya kompyuta inafungwa Jumamosi nzima, unaambiwa: tunarekebisha seva. Ukiuliza mbona marekebisho yanakula kutwa, unajibiwa: tunakwenda moja moja, moja moja ndiyo salama. Watu wanaitikia kwa kichwa, wanageuza, wanarudi bwenini. Akitokea mmoja akasema kazi hiyo inaweza kufanyika kwa pamoja, anatupiwa methali: haraka haraka haina baraka.

Sawa. Na mimi nina methali yangu: ngoja ngoja huumiza matumbo. Tukishamaliza kurushiana methali, tuzungumze kazi yenyewe. Ninachodai ni hiki: kwenda moja moja kwa mkono ni polepole, lakini usalama wake hauonekani popote. Kinacholeta usalama ni kuandika wazi kipi kinategemea kipi. Ukishaandika hivyo, kwenda sambamba kunakuja bure, na chombo cha kukusaidia kipo tangu mwaka 1976.

Kwanza, nani anaumia?

Mwenye laptop yake na kifurushi cha intaneti habari hii haimhusu. Anayeumia ni yule ambaye bumu lake liliishia kwenye kodi ya chumba, fotokopi na kutuma kidogo nyumbani. Huyo kompyuta yake ni ya maabara. Kazi ya kikundi inatakiwa kupakiwa Jumatatu asubuhi, Jumamosi milango imefungwa, Jumapili foleni kama ya sukari ya bei elekezi. Kwa hiyo hili si jambo la wapenda kompyuta peke yao. Ni suala la nani anapata muda wa kusoma na nani anaambiwa asubiri.

Tupige hesabu kidogo

Wengi mnaosoma hapa ni wa Kiswahili, Historia na Jiografia, msikimbie. Nitakwenda taratibu.

Seva ni kompyuta inayohudumia kompyuta nyingine. Usanidi ni ile mipangilio inayoiambia seva iwashe huduma gani, imruhusu nani, ihifadhi wapi. Marekebisho ya Jumamosi ni kupeleka usanidi mpya na programu mpya kwenye kila seva.

Chukua mfano wa seva 16. Moja ni ya dns, yaani kitabu cha majina kinachosema jina fulani liko anwani ipi. Moja ni ghala la programu, inashusha programu kutoka nje mara moja ili nyingine zote zichukue hapo hapo karibu. Moja ni hifadhidata. Moja ni Moodle, tunakopakia kazi zetu. Zilizobaki 12 ni za maabara. Tuseme kila moja inakula dakika 4. Moja moja ni 16 mara 4, dakika 64. Na hapo fundi hajainuka kwenda chai, hajapigiwa simu, hajasahau yuko seva ya ngapi. Kwa mkono, dakika 64 za karatasini zinageuka kutwa bila mtu kuona zimekwendaje.

Sasa chungulia ndani ya zile dakika 4. Laptop ya fundi inafanya nini? Karibu hakuna. Imetuma vifaili vidogo, halafu inasubiri. Kule mbali seva inachukua programu, inazifungua, inawasha huduma upya. Laptop inasubiri. Na seva 15 nyingine zimekaa zinasubiri zamu. Yaani tumefunga milango ili mashine 16 zitazame mashine moja ikifanya kazi.

Sisi walimu tungekubali kitu hiki shuleni? Kidato cha kwanza kina mikondo minne. Hivi kuna mwalimu mkuu gani atasema tumfundishe mkondo A mpaka amalize mwaka, ndipo B aanze? Ratiba ya shule nzima imejengwa juu ya kazi kwenda sambamba. Kinacholindwa ni mambo machache tu: mwalimu mmoja asiwe vyumba viwili kwa wakati mmoja, na mada isitangulie mada inayoibeba. Mwalimu wa Historia hamsubiri wa Hisabati. Lakini ndani ya Hisabati, huwezi kufundisha milinganyo ya kipeo cha pili kwa mtoto asiyejua kutafuta vigawo. Kuna cha kusubiri na kuna kisicho na sababu ya kusubiri. Kazi ya mwenye akili ni kuvitenganisha.

Chombo chenyewe

Mwaka 1976 pale Bell Labs, Marekani, Stuart Feldman aliandika programu inaitwa make. Mwenzake, Steve Johnson, alikuwa amepoteza asubuhi nzima akitafuta kosa kwenye programu ambayo haikuwa na kosa. Faili moja tu ilikuwa haijatafsiriwa upya baada ya kurekebishwa. Feldman akatengeneza kitu cha kukumbuka kwa niaba ya binadamu: kipi kinatokana na kipi, na kipi kifanyike kabla ya kipi. Mwaka 2003 chama cha ACM kilimpa tuzo kwa kazi hiyo.

Watu wanaijua make kama chombo cha kujengea programu za lugha ya C. Hapo ndipo napingwa: “dogo, hiyo si ya seva.” Jamani, make haijui C ni nini. Inajua mambo matatu tu: jina la kitu, kinachotakiwa kuwa tayari kabla yake, na amri za kukifikia. Kitu hicho kikiwa faili, sawa. Kikiwa seva, sawa vile vile. Hii hapa, nzima:

MAABARA := maabara1 maabara2 maabara3 maabara4 maabara5 maabara6 \
           maabara7 maabara8 maabara9 maabara10 maabara11 maabara12
ZOTE := dns ghala hifadhidata moodle $(MAABARA)

.PHONY: zote $(ZOTE)
zote: $(ZOTE)

$(ZOTE):
	./sukuma $@

ghala: dns
hifadhidata maabara1: ghala
moodle: hifadhidata
$(filter-out maabara1,$(MAABARA)): maabara1

Basi. Hilo “sukuma” ni skripti ya mistari miwili: rsync inapeleka folda ya usanidi ya seva husika, kisha ssh inaingia kwenye seva hiyo na kuendesha skripti ya kuuweka. Angalizo kwa wanaonakili: nafasi iliyo mbele ya ./sukuma ni kitufe cha Tab, ukiweka nafasi za kawaida make inagoma. Feldman mwenyewe alishaeleza kwamba alipotaka kuibadilisha kanuni hiyo tayari alikuwa na watumiaji kama dazeni moja, hakutaka kuwavurugia. Dunia nzima inaumia kidole hadi leo kwa huruma kwa watu 12!

Someni ile mistari minne ya mwisho, ndiyo mali. Ghala linaisubiri dns, kwa sababu bila majina halijui pa kuchukua programu. Hifadhidata na maabara1 zinasubiri ghala. Moodle inasubiri hifadhidata. Maabara zilizobaki zinaisubiri maabara1, na sababu yake nitaisema mbele. Sasa andika:

make -j 12 -k --output-sync=target zote

Ile -j 12 inasema: fanya kazi hadi 12 kwa wakati mmoja. Dakika 4 za kwanza dns iko peke yake. Nne zinazofuata ni ghala. Nne zinazofuata ni maabara1 na hifadhidata, bega kwa bega. Nne za mwisho ni maabara 11 pamoja na Moodle, jumla 12. Dakika 16. Ukiweka -j 8, yale mafungu ya mwisho yanagawanyika mara mbili, dakika 20. Ukiweka -j 100 bado ni dakika 16, kwa kuwa mnyororo wa dns, ghala, maabara1 na nyingine una pete nne na hakuna mwenye kuufupisha kwa kuongeza mikono. Kwenye shughuli ya harusi hata ukileta wapishi 20, kitunguu lazima kiive kabla mchele haujaingia. Ila kachumbari haina sababu ya kumsubiri pilau, na mama mkuu wa jiko ambaye hajui hilo hapewi shughuli ya pili.

Dakika 16, wadau. Hiyo inafanyika saa 11 alfajiri na saa 2 milango iko wazi.

Hoja ya kwanza yao: “Moja moja unaona kila kitu kwa macho”

Macho ya binadamu wa saa 8 mchana, seva ya 11, tumbo tupu? Hebu tuzungumze jambo lililotokea kweli.

Kulikuwa na kampuni ya kununua na kuuza hisa Marekani, Knight Capital. Mwishoni mwa Julai 2012 walikuwa wanapeleka programu mpya kwenye seva 8. Walipeleka kwa mkono, kwa awamu, siku kadhaa. Taratibu kabisa, kama tunavyoshauriwa hapa. Fundi mmoja hakunakili programu mpya kwenye seva moja kati ya zile 8, na hakukuwa na mtu wa pili wa kuhakiki. Tarehe 1 Agosti 2012 soko likafunguliwa. Seva 7 zikafanya kazi mpya, ya 8 ikaamsha programu ya zamani iliyokuwa imelala miaka, ikaanza kununua na kuuza kama kichaa. Dakika 45 tu, hasara ikazidi dola milioni 440. Mwaka uliofuata mamlaka ya masoko, SEC, ikawapiga na faini ya dola milioni 12 juu yake.

Seva 8! Nusu ya mfano wetu. Hawakuanguka kwa sababu ya haraka. Walianguka kwa sababu orodha ilikuwa kichwani mwa mtu, na kichwa kina mambo mengi. Make ikishaambiwa zote ni 16, haisahau ya 8. Moja ikigoma, inasema ipi imegoma na inamaliza kwa alama ya kushindwa. Ile -k inafanya nyingine zisizoitegemea ziendelee, zinazoitegemea ziachwe bila kuguswa. Mwisho unajua ipi imefanyika na ipi bado. Kwa mkono unajua unachokumbuka.

Na kwa wanaosema ujumbe wa seva 12 utachanganyikana kwenye skrini kama kelele za stendi: ndiyo maana kuna ile --output-sync. Iko ndani ya GNU make tangu toleo la 4.0 la mwaka 2013. Inakusanya maneno ya kila seva na kuyatoa pamoja ikimaliza. Unasoma kama barua, moja baada ya nyingine.

Hoja ya pili: “Kosa likiwemo, linapiga zote kwa mpigo”

Hii ndiyo hoja yao nzito, na naiheshimu. Ushahidi wao upo pia. Tarehe 19 Julai 2024 kampuni ya CrowdStrike ilisukuma faili mbovu ya usalama kwenye kompyuta za wateja wake duniani. Microsoft walikadiria vifaa milioni 8.5 vya Windows viliathirika. Ndege zikasimama, hospitali zikarudi kwenye karatasi. Hapo ukisema “tuende kwa pamoja” mtu ana haki ya kukukodolea macho.

Lakini tuulize vizuri. Tatizo lilikuwa kwamba faili ilikwenda kwa wengi, au kwamba ilikwenda kwa wengi kabla haijapita kwa wachache? Ni la pili. Dawa yake ni muonjaji. Ndiyo sababu kwenye ile faili yangu maabara zote zinaisubiri maabara1. Maabara1 ikianguka, make haigusi nyingine 11. Ni mstari mmoja tu wa maandishi, na hauchoki, hausemi “aa, leo tuiruke, nina haraka.”

Sasa linganisha na moja moja ya kwetu. Fundi akimaliza ya kwanza, nani anathibitisha kwamba imekaa sawa kabla ya kwenda ya pili? Hakuna popote palipoandikwa. Anaona haikulia, anaendelea. Kosa la aina hiyo litapita kwenye seva zote 16, tofauti ni kwamba litachukua kutwa kufika. Hiyo ndiyo salama mnayoisema? Kuharibu polepole?

Hoja ya tatu: “Tusubiri mfumo wa kisasa ununuliwe”

Hii inanikera kuliko zote. Inageuza uamuzi wa leo kuwa bajeti ya mwaka kesho.

Sina ugomvi na mifumo mikubwa. Ansible, iliyoanzishwa na Michael DeHaan mwaka 2012, ni nzuri, na haihitaji kununuliwa, ni ya bure. Seva zikiwa 200, au usanidi ukiwa na matawi mengi, itumieni, nitawapigia makofi. Lakini hata Ansible usipoigusa inahudumia seva 5 kwa wakati mmoja. Maana yake waliotengeneza mfumo wenyewe hawaamini hiyo moja moja yenu! Tena kwa mpangilio wake wa kawaida, kila hatua inasubiri seva zote kwenye kundi ziimalize ndipo hatua inayofuata ianze. Kwa seva 16 za chuo, make iliyopo tayari kwenye kompyuta ya Linux ya fundi, au inayowekwa kwa amri moja, inatosha. Na siku mkihamia kwenye mfumo mkubwa, ile mistari minne ya nani anamsubiri nani mtaihitaji vile vile. Hakuna mfumo wa bei yoyote utakaowaandikia.

Wanachokiogopa hasa

Nimefikiri sana kwa nini watu wazima, wenye uzoefu, wanang'ang'ania moja moja. Nadhani ni hivi: ukienda moja moja, huhitaji kujua kipi kinategemea kipi. Mpangilio uliozoeleka unakubeba. Umezoea kuanza na hifadhidata ndipo Moodle, inafanya kazi, huulizi kwa nini. Siku ukienda sambamba, mambo mawili ambayo hukujua yanategemeana yanagongana, na unasema “mnaona, sambamba ni hatari.” Hapana kaka. Utegemezi ulikuwepo, ulikuwa umefunikwa na mazoea.

Make yenyewe ukiiendesha bila -j inafuata orodha kwa mpangilio ulioandikwa, kwa hiyo faili yenye mapengo inaweza kufanya kazi miaka kwa bahati ya orodha. Wanaoitunza GNU make wanalijua hilo. Toleo la 4.4 la Oktoba 2022 lilileta --shuffle, inayochanganya mpangilio makusudi ili mapengo yajitokeze. Yaani wenye chombo wanakupa njia ya kujitafutia makosa kabla makosa hayajakutafuta. Kwetu tunafunga mlango.

Mwalimu anaelewa hili haraka. Mwanafunzi aliyekariri njia ya kukokotoa anapata vema mpaka siku swali linapogeuzwa. Hapo ndipo unajua alikuwa anajua au alikuwa amezoea.

Masharti, ili nisije nikasemwa naleta fujo

Sambamba ina adabu zake. Nazitaja kwa sababu kwenye klabu yetu tunajaribia kwenye mashine nne kuukuu na tunazifuata.

Kwanza, usiandike -j tupu bila namba. Hiyo ni kusema “bila kikomo”. Weka namba ambayo mtandao wenu unaibeba. Na kama mnapita kwenye seva moja ya lango kufika nyingine zote, jueni kwamba ssh kwa mpangilio wake wa kawaida huanza kukataa baadhi ya miunganisho pale isiyokamilisha kuingia inapofika 10 kwa pamoja. Ukiona zinagoma ovyo ovyo, angalia hapo kabla ya kulaumu mganga.

Pili, kusiwe na swali la nenosiri katikati. Kazi nyingi zikienda pamoja, make inaiachia moja tu kibodi, nyingine zinanyimwa. Tumia funguo za ssh, na uiambie ssh isiulize kitu, BatchMode=yes.

Tatu, skripti inayowekwa kwenye seva iweze kurudiwa mara mbili, tatu, kumi, na matokeo yawe yale yale. Ukiwa unaongeza mstari mwishoni mwa faili kila mara, baada ya mwezi una mistari minne inayofanana. Peleka faili nzima, ifunike ya zamani. Na skripti ikikosea hatua moja isimame hapo hapo iseme imeshindwa, isiendelee kujichekesha.

Nne, usidanganywe na faili za alama. Kuna wajanja watasema make inaweza kuweka faili ya alama kwa kila seva ili zisizobadilika zirukwe. Inaweza. Lakini alama inasema ulisukuma Jumanne. Haisemi kwamba Jumatano hakuna mtu aliyeingia na kubadilisha kitu. Ndiyo maana nimeziweka kwenye .PHONY, zifanyike kila mara. Dakika 16 hatushindwi.

Tano, seva moja isiguswe na kazi mbili kwa wakati mmoja. Zote mbili zikitaka kuweka programu, moja itakuta kufuli. Jina moja, seva moja, kazi moja.

Masharti matano. Hakuna hata moja linalosema “fungeni maabara”.

Kwa nini namsumbua mwanafunzi wa ualimu na haya?

Kwa sababu kesho ni sisi. Masomo yangu ya kufundishia ni Hisabati na Kompyuta. Nikipangiwa shule, naweza kukuta chumba kina kompyuta 20 za msaada, na mwenye chumba ni mimi peke yangu, tena nina vipindi, nina zamu, nina madaftari ya kusahihisha. Nikienda na mafunzo ya moja moja, chumba kitakuwa na kufuli mlangoni muda mwingi, na mkuu wa shule atasema TEHAMA ni mzigo. Tumeshaviona vyumba vya namna hiyo kwenye mazoezi ya kufundisha: mashine zimefunikwa vitambaa vilivyofumwa vizuri, vumbi juu, watoto wanachora kipanya ubaoni. Sababu ziko nyingi, umeme, vipuri, hela. Lakini mojawapo ni mwalimu asiye na muda wa kupita mashine moja moja.

Tunayoyaona hapa ndiyo tutakayoyabeba. Tukifundishwa kwa vitendo kwamba uangalifu ni kufunga mlango, tutafunga milango nchi nzima.

Ninachoomba

Sitaki mtu afukuzwe wala asemwe vibaya. Kaka zetu wa maabara wanafanya kazi na vifaa vichache na shukrani chache zaidi. Naomba vitu vitatu.

Moja, orodha ya seva na utegemezi wake iandikwe, ibandikwe, isikae kichwani mwa mtu mmoja. Hata kwenye karatasi kwa kalamu, ni mwanzo.

Mbili, ijaribiwe sambamba kwa seva tatu za maabara, moja ikiwa muonjaji, siku moja, alfajiri. Wanafunzi wa Kompyuta tuko tayari kuamka na kusaidia, chai tutajinunulia.

Tatu, jaribio likifanikiwa, Jumamosi zirudi kwa wasomaji. Likishindwa, waandike limeshindwa wapi, nami nitaliweka hapa hapa kijiweni lisomwe na kila mtu.

Naomba kutoa hoja. Wanaounga mkono waseme, wanaopinga waseme zaidi, hasa ninyi wa mitandao mliokuwa mnanicheka juzi kwenye foleni ya chipsi. Leteni seva zenu, leteni na dakika zenu, tuhesabu pamoja. Matusi nitafuta, hoja zote zitabaki.

Kesho nina kipindi saa 1 asubuhi. Alamsiki.